Nusu milimita: HD DVD, Blu-ray, na nani hasa aliyechagua

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu ili tuzungumze historia kidogo. Si historia ya wafalme na mikuki, la. Ni ya vita vya diski mbili za plastiki zenye kipenyo kile kile cha sentimita 12, zinazong'aa namna moja, ambazo ukiziweka mezani bila maandishi huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Hebu tuseme leo ni Ijumaa, tarehe 2 Novemba 2007, nawe umesimama ndani ya duka la Walmart huko Marekani. Umenunua runinga mpya ya HD na sasa unatafuta deki ya kuitumikia ipasavyo, maana DVD ya kawaida ikipanuliwa kwenye kioo kikubwa hivyo inaonekana kama picha iliyooshwa kwa maji. Mbele yako kuna deki ya Toshiba, HD-A2, inayocheza HD DVD. Siku hiyo bei yake ni dola 98, takriban shilingi 6,500 za Kenya kwa kiwango cha wakati ule. Siku hiyo hiyo Sony inatoa Marekani PlayStation 3 yake ya bei nafuu zaidi, yenye kucheza Blu-ray, kwa dola 399.

Ungechukua ipi? Toshiba ilisema iliuza deki 90,000 wikendi ile, kwa hivyo tunajua wengi walijibu vipi. Tena hawakuwa wajinga. Karibu kila kipimo ambacho mnunuzi angeweza kukiona pale dukani kilimwambia abebe HD DVD. Miezi mitatu na nusu baadaye muundo huo ulikuwa umekufa na kuzikwa.

Basi mimi swali langu si nani alishinda, hilo tunalijua. Nataka kujua nani alichagua, maana ni wazi kwamba si yule mtu wa Walmart.

Tukumbuke kwanza kwamba wazee hawa walikuwa wameshawahi kupigana. Sony ilitoa Betamax 1975, JVC ikaleta VHS 1976, na sote tunajua ni kanda zipi zilizojaa kwenye vibanda vya video vya mitaani kwetu miaka ya tisini. Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha 1995, ambacho hakisimuliwi sana. Wakati huo pia kulikuwa na diski mbili zilizokuwa zikigombea kurithi kanda. Sony na Philips walikuwa na yao iliyoitwa MMCD, nao Toshiba, Time Warner, Matsushita na wenzao walikuwa na yao iliyoitwa SD. Vita vilikuwa vimeiva kabisa. Waliovizima ni watu wa kompyuta. IBM na kampuni nyingine kubwa za tarakilishi ziliungana zikasema hazitatia diski yoyote kati ya hizo mbili ndani ya mashine zao mpaka pande zote zikubaliane. Zikakubaliana! Umbo la diski likachukuliwa kutoka upande wa Toshiba, namna ya kuandika biti ikatoka upande wa Sony na Philips, na mtoto akapewa jina la DVD.

Kila deki na kila diski halali ya DVD iliyouzwa duniani baada ya hapo ililipa mirabaha kwa wenye hataza. Liweke hilo akilini, ndugu msomaji, maana hakuna aliyepigania uzuri wa picha peke yake katika hadithi hii.

Sasa fizikia kidogo. Nitaenda polepole kwa sababu humu ndimo mlimo na kiini cha ugomvi.

Deki husoma diski kwa kumulika vishimo vidogo sana kwa nukta ya mwanga wa leza. Nukta ikiwa ndogo, vishimo navyo vinaweza kuwa vidogo, na data itakayoingia ni nyingi. Kuna njia mbili za kuipunguza nukta. Ya kwanza ni kutumia mwanga wenye wimbi fupi. CD hutumia leza ya nanomita 780, ambayo jicho haliioni vizuri, na DVD hutumia leza nyekundu ya nanomita 650. Kwa miaka mingi kila mtu alijua kwamba hatua iliyofuata ni rangi ya buluu, ila hakuna aliyejua kuitengeneza ikadumu. Aliyefungua mlango ni Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia huko Japani, ambaye mwaka 1993 alitoa taa ya LED ya buluu yenye mwanga mkali, na miaka michache baadaye akatoa leza yake. (Taa hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Siyo leza, ni taa.) HD DVD na Blu-ray zote zilitumia leza hii ya nanomita 405. Hapo hazikutofautiana hata kidogo.

Njia ya pili ni lenzi. Kuna kipimo kinachoonyesha lenzi inaweza kukusanya mwanga kwa upana gani na kuukaza mahali pamoja. DVD ilikuwa na 0.60. HD DVD ikapanda kidogo tu, 0.65. Blu-ray ikaruka hadi 0.85. Tatizo ni kwamba lenzi yenye nguvu hivyo haivumilii diski iliyopinda hata kidogo, na kadiri plastiki iliyo juu ya data inavyokuwa nene ndivyo kosa linavyokuwa kubwa. Kwa hiyo wahandisi wa Blu-ray wakaileta data karibu kabisa na uso wa diski, chini ya tabaka la milimita 0.1. HD DVD ikabaki palepale DVD ilipokuwa, milimita 0.6 ndani.

Toa 0.1 katika 0.6. Ni nusu milimita. Vita vyote vilianzia hapo.

Kwa nusu milimita hiyo Blu-ray ilipata gigabaiti 25 kwa kila tabaka la data, na HD DVD ikapata 15. Ukiweka matabaka mawili ni 50 dhidi ya 30. Lakini haikuwa bure. Data iliyo karibu na uso huharibiwa na mkwaruzo mdogo, ndiyo maana rekoda ya kwanza ya Blu-ray, Sony BDZ-S77 iliyotoka Japani Aprili 2003 kwa yeni 450,000, ilitumia diski zilizofungiwa ndani ya kasha la plastiki kama yai. Mpaka TDK ilipovumbua rangi ngumu ya kupaka juu ya diski mwaka 2004 ndipo kasha likatupwa. Na viwanda je? Diski ya HD DVD ilikuwa vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogundishwa, sawa kabisa na DVD, kwa hiyo mitambo iliyokuwa ikipiga chapa DVD ingeweza kurekebishwa ikaendelea na kazi. Kwa Blu-ray ilibidi kununua mitambo mipya.

Mimi ninavyoona, hakuna upande uliokuwa na hila hapo. Ni uamuzi halali wa kihandisi wa aina mbili. Mmoja alisema tujenge nyumba mpya yenye vyumba vingi, mwingine akasema tuongeze chumba kwenye nyumba tuliyonayo maana deni la ile ya kwanza bado tunalipa. Shida ni kwamba hauna suluhu ya katikati. Katika kazi yetu ya programu mkigombana juu ya muundo wa faili, mtu anaweza kuandika programu ya kubadilisha huu uwe ule na maisha yakaendelea. Plastiki haibadilishwi hivyo. Kiwanda lazima kiamue ni 0.1 au 0.6.

Tarehe 19 Februari 2002 kampuni tisa zilitangaza Blu-ray: Sony, Philips, Matsushita, Pioneer, Hitachi, Sharp, Samsung, LG na Thomson. Agosti mwaka huo huo Toshiba na NEC wakaleta pendekezo lao, na Novemba 2003 chama cha DVD kikalipitisha kwa jina la HD DVD. Kulikuwa na mazungumzo ya kuunganisha mwaka 2005, lakini kufikia Agosti yalikuwa yamekwama kwenye ile ile nusu milimita.

Mbona 1995 ilifaulu na 2005 ikashindikana? Jibu langu ni hili: 1995 watu wa kompyuta walikuwa refa, 2005 walikuwa wameshavaa jezi. Microsoft na Intel walijiunga na HD DVD Septemba 2005. Apple, Dell na HP walikuwa upande wa Blu-ray. Na Sony yenyewe haikuwa tena kampuni ya deki tu. Ilikuwa imenunua studio ya Columbia mwaka 1989, na ilikuwa na PlayStation. Mechi ikachezwa bila mtu wa kupuliza filimbi.

Sasa sehemu inayonihusu mimi kama mwandishi wa programu, mnivumilie.

Menyu za DVD zilikuwa picha zilizoganda na vitufe vichache. Miundo hii mipya ilitaka menyu zinazofunguka huku filamu ikiendelea, dirisha dogo la mwelekezaji akieleza tukio, vitu vya kupakuliwa kutoka mtandaoni. Kwa hiyo kila diski ilibeba programu ndani yake. HD DVD ilitumia HDi iliyotoka Microsoft, ambayo kwa mtu wa wavuti ingemkaa mkononi mara moja: kurasa za XML, mitindo inayofanana na CSS, na lugha ya aina ya JavaScript ya kuziendesha. Blu-ray ilichagua BD-J, yaani Java. Wale mliowahi kuandika programu za simu kwa Java enzi za Nokia zenye vitufe mtaijua, ni ndugu yake wa karibu. HP ilijaribu mwaka 2005 kuwashawishi watu wa Blu-ray waikubali HDi, ikakataliwa, kisha ikatangaza kuunga mkono pande zote mbili.

Kuandika menyu kwa HDi kulikuwa kazi nyepesi kuliko kwa BD-J, sina shaka na hilo. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba HD DVD iliilazimisha kila deki, tangu ya kwanza, iwe na tundu la kebo ya mtandao na uwezo wa kuonyesha video ya pili ndani ya ile kubwa. Blu-ray ilianza na deki zisizolazimika kuwa na chochote kati ya hivyo. Zikaja baadaye ngazi ya 1.1 na ngazi ya 2.0, na mtu aliyenunua deki ya mapema mara nyingi hakuwa na njia ya kupanda ngazi. Aliyelipa kwanza alipewa kitu ambacho hakijaisha kutengenezwa.

Ile deki ya kwanza ya Toshiba iliyoingia Marekani Aprili 2006, HD-A1 ya dola 499, ukiifungua unakuta kompyuta kamili: prosesa ya Pentium 4, na Linux juu yake. Ilichukua kama dakika nzima kuwaka. Watu walicheka, lakini mimi nasema ilikuwa akili. Walijua programu yao haijakomaa, wakaweka mashine inayoweza kusasishwa.

Kisha kuna kufuli, na hapa ndipo hadithi inapogusa upande wetu wa dunia. Miundo yote miwili ilifunga filamu kwa mfumo wa siri ulioitwa AACS. Desemba 2006 mtu aliyejiita muslix64 alionyesha namna ya kuzipata funguo za diski za HD DVD, na baada ya muda mfupi Blu-ray nayo ikafuata. Mei 2007 watumiaji wa tovuti ya Digg walichapisha ufunguo mmojawapo mara nyingi hivi kwamba wenye tovuti, waliokuwa wakiufuta kwa kuogopa mawakili, walisalimu amri. Lakini Blu-ray ilikuwa na kufuli la ziada, BD+, ambalo ni programu ndogo iliyo ndani ya diski yenyewe. Inapochezwa huikagua deki kuona kama imechezewa. Studio kama Fox zililipenda sana jambo hilo.

Na juu yake kuna msimbo wa eneo. Mnakumbuka DVD? Dunia iligawanywa maeneo, na Kenya, Tanzania na Uganda tukawekwa eneo la 5 pamoja na India na Urusi. Afrika Kusini ikawa eneo la 2 pamoja na Ulaya na Japani. Mjomba akikutumia filamu kutoka Marekani, ambayo ni eneo la 1, deki halali uliyonunua kwa pesa halali ilikukatalia. Hapo ndipo fundi wa mtaani alipopata kazi ya kukufungulia deki kwa kubonyeza tarakimu fulani za rimoti. Sheria ile ilimsumbua zaidi yule aliyenunua diski halisi. Mwenye DVD ya kunakiliwa ya hamsini bob hakuwahi hata kujua kwamba maeneo yapo.

HD DVD haikuwa na msimbo wa eneo. Hata kidogo! Diski iliyonunuliwa Chicago ingecheza London na ingecheza Mombasa. Blu-ray ilipunguza maeneo yakawa matatu: A kwa Marekani zote mbili, Japani na majirani zake, B kwa Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia, na C kwa Uchina, India na Urusi. Ni nafuu kuliko sita za DVD, ila bado ni ukuta. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliye na jamaa Minnesota au Toronto, hii ndiyo tofauti kubwa kuliko gigabaiti zote nilizotaja.

Ukijumlisha, kufikia mwisho wa 2006 hali ilikuwa ya ajabu. Kwa mnunuzi, HD DVD ilikuwa nafuu, imekamilika na haina mipaka. Deki ya kwanza ya Blu-ray huko Marekani, ya Samsung, ilitoka Juni 2006 kwa dola 999, mara mbili ya ile ya Toshiba, na kichujio chake kilipangwa vibaya hadi picha ikalegea. Filamu ya The Fifth Element iliyotolewa siku za mwanzo za Blu-ray ilionekana vibaya hivi kwamba Sony iliitoa upya mwaka uliofuata. Kazi ya mwanzo ya Blu-ray ilikuwa ya aibu. Sina neno jingine.

Lakini Novemba 2006 ikaja PlayStation 3. Sony iliweka deki ya Blu-ray ndani ya kila moja, ipende usipende, ikaiuza dola 499 na 599. Uamuzi ule uliiumiza sana. Leza za buluu zilikuwa adimu hadi Ulaya ikasubiri mpaka Machi 2007, na bei ilifukuza wachezaji wengi. Microsoft kwa upande wake iliuza deki ya HD DVD ya Xbox 360 kando, kwa dola 199, kwa anayetaka. Ukimwachia mtu atake mwenyewe, wengi hawatataki. Kijana aliyenunua PS3 kwa ajili ya mpira na magari alijikuta ana deki ya Blu-ray bila kukusudia, siku moja akajaribu filamu. Kufikia 2007, diski za Blu-ray zilikuwa zikiuzwa Marekani karibu mbili kwa kila moja ya HD DVD, ingawa deki za mezani za Toshiba zilikuwa zikitoka vizuri.

Sasa tuwafikie wenye filamu. Sony, Disney, Fox na Lionsgate walikuwa Blu-ray tu. Universal ilikuwa HD DVD tu. Warner na Paramount walitoa zote mbili. Maana yake ni kwamba mpenzi wa filamu hakuwa akichagua diski, alikuwa akichagua ni filamu zipi atazikosa. Wengine walijaribu kuziba ufa. Januari 2007 LG ilitoa deki inayocheza zote kwa dola 1,199, na Warner ikatangaza diski yenye HD DVD upande mmoja na Blu-ray upande wa pili, ambayo haikufika madukani.

Agosti 2007 Paramount na DreamWorks Animation walihamia HD DVD peke yake. Magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba walipewa motisha ya dola milioni 150 kwa jumla. Michael Bay, mwelekezaji wa Transformers, alikasirika hadharani kwamba filamu yake haitatoka kwa Blu-ray, kisha akarudi nyuma. Pesa ile iliinunulia HD DVD miezi michache ya kupumua, kisha ikaja ile bei ya dola 98.

Ile bei nayo naiangalia kwa jicho lingine. Toshiba ilikuwa ikishusha bei ili kujaza nyumba deki kabla studio hazijaamua. Lakini kiwanda kingine chochote kilichofikiria kutengeneza HD DVD kikiangalia bei hiyo kilijua hakitapata faida hata senti. Kwa hiyo Toshiba ikabaki karibu peke yake. Upande wa pili walikuwa Sony, Panasonic, Samsung, Pioneer, Philips, Sharp, kila mmoja akijaza rafu za duka kwa jina lake. Mwenye duka akitazama rafu anaona jeshi upande huu na mtu mmoja upande ule.

Ijumaa tarehe 4 Januari 2008 Warner ilitangaza kwamba itatoa Blu-ray peke yake. Maonyesho makubwa ya CES huko Las Vegas yalikuwa yanaanza siku chache baadaye. Kikundi cha HD DVD kilikuwa kimealika waandishi wa habari kwa mkutano wa Jumapili, kikaufuta. Mjue kwamba Warner na Toshiba walikuwa marafiki wa zamani, wale wale waliosimama pamoja 1995 nyuma ya SD. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya kibiashara tu: wanunuzi walikuwa wamechanganyikiwa, waliochanganyikiwa hawanunui kitu, na wakati ule mauzo ya DVD za kawaida yalikuwa yameanza kushuka.

Baada ya hapo ikawa kama mtu anayeteremka ngazi kwa kuanguka. Tarehe 11 Februari Netflix, iliyokuwa ikituma diski kwa posta, ikasema itanunua Blu-ray tu, na siku hiyo hiyo duka la Best Buy likasema litawashauri wateja wachukue Blu-ray. Tarehe 15 Walmart, lile lile la dola 98, likatangaza litaacha kuuza HD DVD. Tarehe 19 Februari 2008, miaka sita kamili tangu siku Blu-ray ilipotangazwa, rais wa Toshiba Atsutoshi Nishida alitoka mbele ya waandishi akasema basi. Deki zilizokuwa zimeuzwa, pamoja na zile za Xbox, zilikuwa takriban milioni moja.

Kwa hiyo nani alichagua? Utasikia wengi wakisema PS3. Sikatai, PS3 ndiyo iliyoipa Blu-ray zile namba za mbili kwa moja, na bila namba hizo Warner isingekuwa na cha kuonyesha wakurugenzi wake. Lakini mwenye PS3 alinunua mchezo. Mtu pekee aliyeingia dukani akilinganisha muundo na muundo, akasoma sanduku, akauliza bei, alikuwa yule wa Walmart, na kura yake haikuhesabiwa. Iliyohesabiwa ni ya Warner, yenye rundo la filamu kubwa kuliko karibu kila mtu, na ilipigwa katika ofisi moja huko California. Ukiniuliza mwaka ule ungepaswa kutazama nini kabla ya kutoa pesa, ningesema usisome gigabaiti wala idadi ya mistari ya picha. Chukua karatasi uandike majina ya filamu kumi unazozipenda na studio iliyo nyuma ya kila moja. Saba zingekuwa Blu-ray au zote mbili, na ungeona hatari iko wapi.

Kilichofuata kinajulikana. Toshiba yenyewe ilianza kutengeneza deki za Blu-ray 2009. Microsoft iliweka Blu-ray ndani ya Xbox One 2013. Lakini taji lilikuwa limepungua thamani, maana Netflix ilikuwa imeanza kuonyesha filamu mtandaoni Januari 2007, katikati ya vita, na wachache walishtuka. Kwetu sisi mambo yalienda upesi zaidi. Kebo ya TEAMS ilitua Mombasa Juni 2009 na SEACOM ikaanza kazi Julai, mwaka mmoja na kidogo tu baada ya HD DVD kufa. Nyumba nyingi za Nairobi zilitoka kwenye DVD ya hamsini bob zikaenda moja kwa moja kwenye faili za flashi na baadaye mtandaoni, bila Blu-ray kupita sebuleni hata siku moja. Netflix ilifunguliwa Kenya Januari 2016. Mwaka huo huo ilitoka Blu-ray ya 4K, ambayo, shikilieni viti vyenu, haina msimbo wa eneo. Jambo ambalo HD DVD ilikuwa nalo tangu 2006 lilifika miaka kumi baadaye, wakati wanaonunua diski wamebaki wachache. Best Buy imeacha kuuza filamu za diski tangu 2024, na Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray Februari 2025.

Kuna mmoja wenu ataokota HD DVD kwenye mitumba ya vifaa siku moja, kwa hiyo niwaachie maelezo. Kasha lake ni jekundu, la Blu-ray ni la buluu. Deki ya Blu-ray au PS3 haitaisoma, usijisumbue. Angalia kwanza kama ni ile ya pande mbili, maana studio zilitoa nyingi zenye HD DVD upande mmoja na DVD ya kawaida upande wa pili, na huo wa pili utacheza kwenye deki ya DVD inayokubali eneo lake. Kama ni ya upande mmoja, tafuta ile deki ya nje ya Xbox 360, ambayo Microsoft ilishusha bei hadi dola 50 ilipoiaga. Inaunganishwa na tarakilishi kwa USB, nayo inaweza kuisoma ukiwa na programu inayofaa. Mwenye nayo Nairobi na anayetaka kuiuza, naomba anijulishe.